Njiapanda ya Uzalishaji

Katika viwanda vingi kuna mahali ambapo mali moja huacha kuwa moja. Kabla ya hapo ni malighafi tu. Baada ya hapo ni bidhaa mbili, tatu au kumi, wala hairudi ilikotoka. Kuna watakaopendelea kupaita nukta ya mgawanyiko. Mimi nachagua njiapanda ya uzalishaji, kwa kuwa mgawanyiko huweza kutokea wenyewe, ilhali njiapandani lazima mtu aamue.

Tazama mashine za nafaka za Unga Limited, kata ya Arusha iliyopata jina lake kutokana na kiwanda cha unga. Mahindi yakisagwa mazima yanatoa dona. Yakikobolewa kwanza yanatoa sembe, na pumba juu yake, utake usitake. Sembe na pumba naziita bidhaa pacha: huwezi kuzalisha moja ukaikataa nyingine. Sembe inakwenda madukani, pumba zinakwenda kwa wafugaji wa ng'ombe wa maziwa kwenye miteremko ya Meru. Pumba zikikosa mnunuzi na kujaza ghala, ukoboaji unasimama hata kama wateja wa sembe wamepanga foleni.

Wanaofuata nadharia ya vikwazo ya Eliyahu Goldratt, mwanafizikia wa Israeli aliyechapisha riwaya ya kiwandani The Goal mwaka 1984, huviita viwanda vya namna hii viwanda vya umbo la V: shina moja, matawi mengi. Ugonjwa mkubwa wa viwanda hivi ni haraka. Ili mashine isikae bure, mahindi yote yanakobolewa. Jioni sembe imejaa hadi darini, na shule iliyoagiza dona inaambiwa isubiri. Mahindi yalikuwepo ya kutosha. Yamepitishwa njia isiyo yake.

Ndiyo maana akiba kubwa hukaa kabla ya njiapanda. Mahindi makavu, yenye unyevu usiozidi asilimia 13.5, hudumu miezi mingi yakitunzwa dhidi ya wadudu. Dona huharibika mapema, maana kiini chake kimebaki na mafuta.

Mwenye mashine, andika oda za dona, sembe na pumba kwenye ubao mmoja kabla ya kuwasha mota, na ukoboe kwa kadiri ya oda hizo tu.