Matanga ya Kinderdijk

Penye makutano ya mito Lek na Noord, magharibi mwa Uholanzi, vimesimama vinu 19 vya upepo. Mgeni hudhani vilijengwa kusaga nafaka. La hasha! Vilijengwa kuchota maji.

Nchi ile, Alblasserwaard, ni ya udongo wa mboji. Wakulima wa kale walichimba mitaro ili wapate kulima; lakini mboji ikikauka hubonyea, na kadiri walivyoikausha ndivyo ilivyodidimia, hata mto ukawa juu na shamba chini. Wakawa wanaishi kwa hisani ya matuta. Novemba 1421 matuta yalibomoka, vijiji vikazama. Jina Kinderdijk, yaani tuta la mtoto, hadithi hulihusisha na gharika hiyo: susu la mtoto mchanga lilielea hadi tutani, paka akirukaruka huku na huku lisipinduke.

Mwaka 1738 vilijengwa vinu vinane vya matofali. Mwaka 1740 vikafuata vinane vilivyoezekwa matete. Upepo ulizungusha mikono iliyotandikwa matanga, mikono ikazungusha gurudumu la kuchotea, na maji yakapandishwa bondeni hadi kwenye hifadhi, yakingoja mto upungue yafunguliwe milango. Mlinzi wa kinu aliishi humohumo na mkewe na wanawe, mikono ikipita mbele ya mlango wao.

Mwaka 1868 zikaja pampu za mvuke, na baadaye injini nyingine zikashika kazi. Lakini katika Vita vya Pili vya Dunia mafuta yaliadimika, vinu vikaitwa tena kuwaokoa watu. Mwaka 1997 UNESCO iliviingiza katika Urithi wa Dunia.

Kinu cha Uholanzi pia husema. Mkono ukisimamishwa kabla kidogo ya kufika wima, ni furaha. Ukisimamishwa baada kidogo ya kupita wima, ni msiba. Julai 2014, ndege iliyotoka Amsterdam ilipotunguliwa Ukraine na watu 298 wakafa, vinu vingi nchini humo vilisimamishwa kimsiba.

Kiswahili kina neno moja, matanga, kwa nguo za chombo na kwa siku za maombolezo. Waholanzi hawalijui neno hilo. Lakini siku ile matanga yao yalikaa matanga. Chini yake pampu ziliendelea kuvuta, kwani maji ya bondeni hayangoji arubaini.