Kisu Siku Moja, Sahani Kila Siku: Historia ya Tiba ya Unene na Wajibu wa Familia



Sifa zote njema zinamstahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu wasomaji, wazazi pamoja na vijana wetu wanafunzi wa Gitaza, Rumonge na mwambao wote huu wa ziwa Tanganyika, leo tuzungumze jambo ambalo wengi wetu tunalinong'ona tu. Nalo ni upasuaji wa tumbo unaofanywa ili kupunguza uzito.

Tuchukue mfano. Dada ameishi ng'ambo miaka kumi. Familia za mwambao huu zenye ndugu mbali ni nyingi, maana walikimbia watu mwaka 1972 kwenda Tanzania, na kuanzia 2007 maelfu ya wakimbizi wale walihamishiwa Marekani. Dada huyu aliondoka akiwa mnene, sasa anarudi likizo akiwa amebaki nusu. Mama na mashangazi wamefurahi, wamepika ugali wa muhogo, mukeke wa kuchoma na sombe iliyoungwa kwa mawese. Dada anakula vijiko vinne, anashukuru, ananawa mikono. Hapo shangazi mmoja ananuna, kwa kuwa ameona chakula chake kimedharauliwa. Mwingine anamvuta jirani pembeni na kumwambia, "Huyu anaumwa, anatuficha." Wala hakuna aliyemuuliza.

Ndugu zangu, dhana hizi mbili zina historia. Tukiijua historia hiyo tutawatendea haki wagonjwa wetu.

UNENE NA NEEMA

Katika nchi zetu hizi za maziwa makuu, mwili mkubwa ulikuwa tangazo la neema. Mwaka 1861 msafiri Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe, kaskazini-magharibi ya Tanzania ya leo, kwa mfalme Rumanika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 alieleza jinsi wanawake wa jumba la mfalme walivyonenepeshwa kwa maziwa, hata baadhi yao wakashindwa kusimama. Kwa watu wa pale, hiyo ilikuwa heshima ya nyumba yenye ng'ombe wengi.

Tusiwacheke. Hata leo, nchini Burundi, uchunguzi wa afya wa kitaifa wa 2016-2017 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa kwa lishe duni. Mahali ambapo njaa ni jirani, mtu akinenepa watu humwambia "umependeza".

Kisha likaja jambo la pili. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, huko Rakai na Masaka nchini Uganda, watu walianza kukonda na kufa, na wananchi wakauita ugonjwa ule "Slim". Mwaka 1985 madaktari waliuandika katika jarida la kitabibu, ikafahamika kuwa ni UKIMWI. Tangu wakati ule, katika Afrika Mashariki yote, anayekonda haraka hutiliwa shaka. Shangazi anayenong'ona amefundishwa na misiba ya miaka ile. Hata hivyo dhana bila ya ujuzi ni dhambi, na Qur'an katika Surat al-Hujurat imetukataza kudhaniana vibaya na kusengenyana.

MFALME ALIYEKWENDA KURTUBA

Wako wanaosema kutibu unene ni mambo ya wazungu wa siku hizi. Sivyo. Miaka elfu moja iliyopita mfalme Mkristo alisafiri hadi mji mkuu wa Waislamu kwa ajili hiyo hiyo.

Sancho wa kwanza alikuwa mfalme wa León, kaskazini ya Hispania. Alikuwa mnene kiasi cha kushindwa kupanda farasi, na kutembea kwake kulikuwa kwa kushikiliwa. Mwaka 958 wakuu wa nchi yake walimwondoa kwenye kiti. Bibi yake, malkia Toda wa Navarra, hakumtupa mjukuu wake. Alipeleka ombi kwa khalifa wa Kurtuba, Abd al-Rahman wa tatu, ambaye kwa nasaba Toda alikuwa shangazi yake, kwani baba wa khalifa na Toda walizaliwa na mama mmoja. Khalifa alimtuma tabibu wake Myahudi, Hasdai ibn Shaprut, naye akasema mgonjwa lazima aje Kurtuba. Bibi akafunga safari pamoja na mjukuu.

Yako masimulizi mengi juu ya tiba ile, mengine yametiwa chumvi, kama lile la kwamba alishonwa midomo. Lililo wazi ni kwamba alikaa chini ya uangalizi wa tabibu, akazuiliwa chakula, uzito ukashuka, akaweza kupanda farasi, na mnamo 960 akarudi kwenye kiti chake akisaidiwa na jeshi la khalifa. Katika nchi hiyo hiyo ya Kurtuba alizaliwa, yapata mwaka 936, Abu al-Qasim al-Zahrawi, aliyeandika Kitab al-Tasrif chenye sehemu 30. Sehemu ya mwisho ni ya upasuaji, ina michoro ya vyombo vya mpasuaji, na ndani yake ameeleza kushona kwa nyuzi za utumbo wa mnyama. Ibn Sina naye katika Qanun yake aliutaja unene uliopita kiasi kuwa ni hatari kwa mwili.

Tazameni basi, kwa Sancho palihitajika tabibu hodari, na palihitajika pia bibi aliyekubali kusafiri naye na kukaa naye.

KISU CHA ZAMA ZETU

Upasuaji wenyewe ulianza karne iliyopita. Mwaka 1954 huko Minnesota, Marekani, Dk. Kremen na wenzake walieleza njia ya kuruka sehemu kubwa ya utumbo mwembamba ili chakula kisinyonywe. Watu walikonda kweli, lakini wengi walipata maradhi ya ini, mawe ya figo na utapiamlo, na njia ile ikaachwa. Hilo lilikuwa funzo chungu, kwamba kukonda peke yake si afya.

Mwaka 1966 Dk. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa alianza njia nyingine. Alikuwa ameona kwamba watu waliokatwa sehemu ya tumbo kwa ajili ya vidonda hawanenepi tena. Kutokana na kazi yake ikapatikana njia inayotumika mpaka leo, ambayo tumbo hubakishwa kifuko kidogo, kama cha mililita 30, kikaunganishwa moja kwa moja na utumbo. Mwaka 1994 ilianza kufanywa kwa matundu madogo na kamera, bila ya kupasua tumbo lote. Njia nyingine, iliyoenea sana kuanzia miaka ya 2000, ni kukata na kutoa kiasi cha robo tatu au zaidi ya tumbo, likabaki jembamba kama mkono wa shati. Mwaka 1995 Dk. Walter Pories wa Marekani alionyesha kwamba wagonjwa wengi wa kisukari sukari yao ilitulia baada ya upasuaji. Na utafiti mkubwa wa Sweden ulioanza mwaka 1987 ulionyesha mwaka 2007 kuwa waliopasuliwa walikufa kwa uchache kuliko wenzao wasiopasuliwa. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba baada ya mwaka wa kwanza na wa pili, sehemu ya uzito hurudi.

Hapa kwetu Afrika Mashariki huduma hii hupatikana Nairobi, na katika miaka ya 2020 Muhimbili-Mloganzila ya Dar es Salaam nayo imeingia katika tiba za unene, ikiwa ni pamoja na kuweka puto tumboni. Wengine husafiri mpaka India au nchi za Ghuba.

KABLA YA KISU

Je, dini inasemaje? Wanazuoni wengi wa zama hizi hutenganisha tiba na mapambo. Kubadili umbo kwa ajili ya urembo tu ni jambo moja, na kutibu maradhi yanayoua ni jambo jingine, na Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kutafuta dawa. Mwulizeni shekhe mnayemwamini, baada ya daktari kueleza hali ilivyo.

Nao madaktari wana mipaka yao. Mwaka 1991 wataalamu wa Marekani waliweka kipimo cha uzito kwa urefu kuwa 40, au 35 kwa mwenye maradhi kama kisukari na presha. Mwaka 2022 jumuiya za wapasuaji zilishusha mpaka 35, na 30 kwa mwenye kisukari. Mtu wa urefu wa mita 1.60 hufika 35 akiwa na kilo 90 hivi, na 40 akiwa na kilo 102 hivi. Kwa hiyo si tiba ya mtu aliyeongezeka kilo chache baada ya Idi.

Maandalizi huchukua wiki nyingi au hata miezi. Hupimwa moyo, damu, sukari na pumzi. Mvuta sigara huachishwa. Mtaalamu wa lishe huuliza mtu anakula nini na wakati gani, na mshauri wa nafsi huuliza anakula kwa nini, maana wapo wanaokula kwa huzuni, na tumbo likipunguzwa huzuni haipungui. Katika wiki za mwisho hupewa chakula chepesi ili ini lisinyae na mpasuaji aone njia. Ndugu, tangu hatua hii mke au mume, mama na watoto wakubwa waelezwe. Wajue pia kwamba upasuaji huu, kama mwingine wowote, una hatari ya kuvuja damu, kuganda kwa damu na mshono kuachia.

BAADA YA KISU

Wiki za mwanzo ni vinywaji tu, kisha vyakula vilivyopondwa, kisha laini, na baada ya miezi miwili hivi chakula cha kawaida kwa kiasi kidogo. Katika hili mwambao wetu umebarikiwa. Dagaa wa ziwani, ambao wengine tunawaita ndagala, wakipikwa laini au wakisagwa ni chakula kizuri sana cha kujenga mwili. Maharage yaliyopondwa, mayai na samaki vitangulie, ugali uje mwisho. Mawese yetu ya Rumonge ni neema, lakini yawe kijiko, yasiwe kikombe.

Mtu huyu hula polepole na hutafuna sana. Hanywi maji pamoja na chakula, husubiri kama nusu saa, na siku nzima hunywa funda kwa funda mpaka afike lita moja na nusu hivi. Soda na chai yenye sukari nyingi huweza kumletea mapigo ya moyo, jasho, kizunguzungu na kuhara. Atameza vitamini na madini, kama chuma, kalisi, vitamini D na B12, maisha yake yote, na atapimwa damu kila mwaka. Dawa zenye ganda la jelatini aziulizie kwa mfamasia, kwani zipo za vidonge visivyo na ganda hilo. Mwenye dawa za kisukari au presha asiendelee na kipimo cha zamani bila ya daktari, sukari inaweza kushuka ghafla. Akina mama hushauriwa wangoje mwaka mmoja hadi mwaka na nusu kabla ya kushika mimba, na wajue kwamba mwili ukipungua mimba huingia kwa urahisi zaidi.

Nywele zinaweza kupukutika katika miezi ya kati ya 3 na 6, kisha hurudi. Ngozi hulegea. Lakini akitapika kila siku, akipata homa, maumivu makali ya tumbo, au ganzi miguuni, apelekwe hospitali upesi, isisemwe kuwa ni husuda.

MWEZI WA RAMADHANI

Swali hili huulizwa sana na vijana. Allah katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, amempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na asiyeweza kabisa hulisha maskini. Madaktari wengi hushauri mtu asifunge mpaka upite mwaka mmoja au zaidi, kwa kuwa kifuko kidogo hakiwezi kupokea maji ya kutosha kati ya futari na daku. Baada ya hapo afunge kwa ushauri wa daktari, afuturu kwa kidogo kidogo, na asikose daku. Basi akikutwa anakunywa maji mchana, asiulizwe mbele za watu.

MWISHO

Ndugu wasomaji, Mtume (S.A.W.) alitufundisha kuligawa tumbo mafungu matatu: chakula, kinywaji na pumzi. Ndugu yetu aliyepasuliwa amelazimika kuishi sunna hiyo kila siku, na sisi tunamvunja moyo kwa kumwambia "ongeza kidogo". Kisu hufanya kazi saa chache. Kazi iliyobaki ni ya sahani, na sahani hupakuliwa na familia. Malkia Toda alimsindikiza mjukuu wake mpaka Kurtuba. Sisi hatutakiwi kusafiri hivyo, tunatakiwa tu kupakua vijiko vinne kwa moyo mweupe, tukae naye mpaka amalize, na ulimi tuuzuie.

Tunamwomba Allah awaponye wagonjwa wetu, wanene kwa wembamba, atupe riziki ya halali inayotosha, na asitujaalie kuwa sababu ya huzuni ya ndugu zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.