Kilimo, uvuvi na uchumi: maneno yanayochanganywa

Maneno mengi ya kilimo, uvuvi na uchumi anayokutana nayo mwanafunzi wa jiografia ni ya kale kuliko somo lenyewe. Yalitumika shambani, pwani na sokoni kabla ya kuingia darasani, na kila moja lina mipaka yake. Mipaka hiyo ikipuuzwa, hata takwimu husomwa vibaya.

Mfano ulio wazi ni mpunga, mchele na wali. Mpunga ni mmea ulioko shambani, na pia ni punje zake kabla ya kukobolewa. Zikishatolewa maganda huwa mchele, na mchele ukipikwa huwa wali. Kwa hiyo husemwa "kilimo cha mpunga" huko Kilombero, Mbarali au Mwea, wala si "kilimo cha mchele", ingawa kosa hilo limeenea hadi katika vitabu vya kiada. Tofauti si ya lugha tu. Kilo 100 za mpunga zikikobolewa hutoa mchele wa kilo kati ya 60 na 70 hivi. Kinachobaki ni maganda na pumba. Anayelinganisha tani za mpunga za wilaya moja na tani za mchele za wilaya nyingine analinganisha vitu viwili tofauti, na mkulima anayetajiwa bei ya kilo bila kuelezwa kilo ya nini anaweza kupunjika.

Mazao mengine nayo yana majina kwa kila hatua. Mkonge ni mmea. Nyuzi zake ni katani. Tunda la mnazi ni dafu likiwa changa na nazi likikomaa, na nyama ya nazi iliyokaushwa ni mbata. Mmea wa kahawa ni mbuni, wingi wake mibuni, na punje zake ni buni. Mkahawa katika Kiswahili sanifu ni mahali panapouzwa kahawa na vyakula. (Mbuni ndege hutambulika kwa upatanisho: mbuni unapandwa, mbuni anakimbia.)

"Mazao ya chakula" na "mazao ya biashara" ni mgawanyo wa matumizi, si wa mimea. Mahindi yaliyolimwa kwa ajili ya kuuzwa ni zao la biashara kwa mkulima huyo, hata kama orodha ya darasani huyaweka upande wa chakula.

Kitenzi "vuna" hufaa kwa mazao kwa jumla, hasa nafaka, lakini wakulima wana vitenzi mahususi zaidi. Karafuu na chai huchumwa, nazi huangulia chini kutoka mnazini, yaani huanguliwa, miwa na mkonge hukatwa, korosho huokotwa, muhogo hung'olewa, na utomvu wa mpira hugemwa. Mwandishi anayeandika "kuvuna karafuu" ataeleweka Pemba, ila atajulikana kuwa ni mgeni.

Tofauti ya "vuna" na "vua" inahitaji uangalifu zaidi. Samaki wa baharini, ziwani au mtoni huvuliwa. Anayewavua ni mvuvi, kazi yake ni uvuvi, na alichopata ni vuo, wingi mavuo. Neno "mavuo" linazidi kusahaulika, na nafasi yake huchukuliwa na "mavuno ya samaki", jambo linaloficha maana muhimu: avunaye huvuna kilichopandwa, ilhali mvuvi huchukua asichokipanda. Ndiyo maana samaki wa bwawani wana hali tofauti. Perege aliyewekwa bwawani akiwa kifaranga na kulishwa hadi akakua amefugwa, na ni sahihi kusema amevunwa. Mwenye bwawa ni mfugaji wa samaki, si mvuvi. Mwani nao, uliolimwa kibiashara Zanzibar tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, hulimwa na kuvunwa ingawa uko baharini, na wengi wa wakulima wake ni wanawake. Kitenzi, basi, hakiamuliwi na maji bali na kazi iliyotangulia.

Kuhusu zana za uvuvi, inatosha kukumbusha kwamba umoja wa "nyavu" ni "wavu": wavu umechanika, nyavu zimechanika. Dema ni mtego uliosukwa. Jarife na juya ni aina za nyavu.

Mkanganyiko mwingine ni wa rasilimali, maliasili na malighafi. "Rasilimali" limetokana na maneno ya Kiarabu yenye maana ya kichwa cha mali, yaani mtaji, na kamusi za zamani hulieleza hivyo. Siku hizi limepanuka: ardhi, fedha, hata watu ni rasilimali. Maliasili ni sehemu tu ya rasilimali, ile isiyotengenezwa na binadamu, kama vile misitu, madini na wanyamapori. Malighafi ni kile kinachoingia kiwandani ili kigeuzwe kitu kingine. Sangara anayeogelea katika Ziwa Victoria ni maliasili; akifikishwa kwenye kiwanda cha minofu ni malighafi; minofu iliyofungashwa kwenda Ulaya ni bidhaa. Pamba nayo ni malighafi ya kiwanda cha nguo lakini haikuwa maliasili hata siku moja, kwa kuwa kuna aliyeipanda.

"Uchumi" limetokana na kitenzi "chuma", kilekile cha karafuu, ambacho tangu zamani kina pia maana ya kupata mali au faida. Matumizi hayo yangali hai katika "mali iliyochumwa na wanandoa". Mtaalamu wa fani hii huitwa mchumi au mwanauchumi, na yote mawili ni sahihi.