Kutoka kipande cha shingoni hadi Huduma Namba

Sheria ya kuwaandikisha wenyeji ilipitishwa nchini Kenya mwaka 1915, ila Vita Kuu ya Kwanza vikachelewesha utekelezaji wake. Vita vilipokwisha, kila mwanamume Mwafrika mwenye miaka 16 na zaidi akalazimika kutembea na kipande: karatasi iliyokunjwa ndani ya kikasha cha bati, kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Mliandikwa humo jina lake, kabila, mwajiri, mshahara, siku ya kuanza kazi na siku ya kuachishwa, pamoja na alama za vidole. Sahihi ya mwajiri ndiyo iliyokuwa na makali. Kibarua aliyetoroka shamba la mlowezi kabla ya kutiliwa sahihi hakuajiriwa kihalali kwingine, na kumbukumbu zilizowekwa Nairobi ziliwasaidia polisi kumsaka. Aghalabu mwenyewe hakujua hata kusoma alichokivaa.

Mwanasiasa Harry Thuku alikuwa miongoni mwa waliokipinga kipande hicho. Alipokamatwa Machi 1922, umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiwe, risasi zikafyatuliwa. Mary Muthoni Nyanjiru alikuwa mmoja wa waliouawa.

Mwaka 1947 sheria mpya ikataka watu wa rangi zote waandikishwe, vidole na yote. Hapo ndipo walowezi walipogundua kwamba kuchukuliwa alama za vidole ni fedheha! Wakapiga kelele hadi serikali ikalegeza kamba: aliyeweza kujaza fomu kwa Kiingereza na kuleta picha akasamehewa. Waafrika walikuwa wamelalamika miaka ishirini na kitu, bila kusikilizwa.

Miongo mingi baadaye, kompyuta ziliongeza tu kasi ya uandikishaji huo. Mwaka 2019 Wakenya walipanga foleni kuandikishwa Huduma Namba, namba moja ya kumtambulisha mtu katika huduma za serikali. Vidole vikawekwa kwenye mashine, uso ukapigwa picha. Sheria iliruhusu hata kuchukuliwa kwa DNA na kurekodiwa mahali mtu anapoishi kwa vipimo vya setilaiti. Wanubi, jamii ya Kenya inayojua vizuri taabu ya kusaka kitambulisho, walikuwa miongoni mwa waliokwenda kortini. Januari 2020 Mahakama Kuu ikafuta vipengele hivyo viwili, na Oktoba 2021 ikatamka kuwa utoaji wa kadi ulikiuka sheria, kwa kuwa athari zake kwa faragha hazikutathminiwa kwanza.

Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inakupa haki ambayo mvaa kipande hakuwa nayo: kuuliza umeandikwa nini, kwa matumizi gani, na kudai kosa lirekebishwe. Ukiombwa kidole, uliza kwanza.