Mwandishi chipukizi hahitaji hundi pekee

Jumamosi iliyopita nilikuwa nikisubiri matatu katika steji ya Kimbo, kijana mmoja niliyewahi kumfunza akaja kunisalimu. Alikuwa na bahasha ya kaki kwapani. Ndani mlikuwa na riwaya ya Kiswahili aliyoiandika kwenye madaftari, kisha akaipigisha chapa kwenye saiba kwa pesa za kazi ya mjengo.

"Mwalimu, nimeimaliza. Sasa naipeleka wapi?"

Akanieleza kwamba mchapishaji mmoja alikuwa amemrudisha hata kabla ya kufungua mswada. Jina lake halijulikani, akaambiwa, na hadithi isiyosomwa shuleni haiuziki. "Kuna tuzo ya watu kama mimi? Ama niiandike upya kwa Kizungu?"

Matatu ikaja, ikajaa, ikaenda zake. Swali lile halikuwa la kujibiwa mguu mmoja ukiwa mlangoni.

Wajua, msomaji, swali hilo lina umri mkubwa kuliko wa kijana huyo. Mwaka wa 1948 ilianzishwa East African Literature Bureau, asasi ya kikoloni iliyokuwa na makao jijini Nairobi na iliyopewa kazi ya kuendeleza vitabu katika lugha za eneo hili. Katika shindano lake la hadithi za Kiswahili la 1957-58, mshindi wa kwanza alikuwa Muhammed Said Abdulla, mwanahabari wa Unguja ambaye hakuwa amewahi kuchapisha riwaya. Mswada wake ulikuwa Mzimu wa Watu wa Kale. Bureau hiyo hiyo ikauchapisha mwaka wa 1960, na hivyo Bwana Msa, mpelelezi wa kiko mdomoni, akaingia katika fasihi yetu. Vikafuata Kisima cha Giningi mwaka wa 1968, kisha Duniani Kuna Watu na vingine.

Bureau ilitangaza pia shindano jingine la riwaya mwanzoni mwa miaka ya sitini. Mwanafunzi mmoja wa Makerere, mzaliwa wa Kamirithu, Limuru, katika Kiambu hii hii yetu, akaandika mswada alioupa jina The Black Messiah ili kuuwasilisha huko. Mwaka wa 1965 ulitoka kama The River Between. Naam, huyo ni marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o.

Nikiitazama historia hii, naona kwamba pesa ndizo zilizokuwa na uzito mdogo zaidi. Shindano lilimpa mwandishi asiye na jina tarehe ya mwisho ya kumaliza kazi, na msomaji aliyelazimika kuufungua mswada. Kwa Muhammed Said Abdulla kulikuwa na jambo la tatu: aliyemtuza ndiye aliyekuwa na uwezo wa kumchapisha.

Lakini asasi nazo hufa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka wa 1977, na Bureau ikasambaratika pamoja nayo. Miongo kadhaa baadaye, Kwani? ya hapa Nairobi ilianzisha tuzo ya miswada ya riwaya za Kiafrika ambazo hazijachapishwa. Mwaka wa 2013 ilimtuza Jennifer Nansubuga Makumbi wa Uganda, na mwaka uliofuata ikakitoa kitabu chake cha kwanza, Kintu. Leo kinasomwa mbali na kwao. Utaratibu ulikuwa ule ule wa Bwana Msa, ila lugha sasa ilikuwa Kiingereza.

Kiswahili kilipata lake mwaka wa 2014, pale Lizzy Attree na Mukoma wa Ngugi, mwanawe Ngũgĩ, walipoasisi Tuzo ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye ilichukua jina la Safal. Mshindi wa kwanza wa riwaya mwaka wa 2015 alikuwa Anna Samwel Manyanza wa Tanzania, kwa Penzi la Damu. Mwaka wa 2018 Zainab Alwi Baharoon wa Zanzibar akatuzwa kwa Mungu Hakopeshwa, na Mkenya Jacob Ngumbau Julius akatwaa ushairi kwa Moto wa Kifuu. Tuzo hiyo imepokea miswada ambayo haijachapishwa, kwa hivyo mlango haujafungiwa chipukizi. Hata hivyo, huingia uwanja mmoja na wakongwe.

Mlango mmoja hautoshi kwa lugha yenye wasemaji wengi hivi. Kaunti zetu hufadhili kombe la kandanda kila mwaka. Je, zingeshindwa kufadhili shindano la riwaya ya kwanza ya Kiswahili, kwa sharti kwamba mswada bora utachapishwa na nakala zake kuwekwa katika maktaba zetu? Hundi huliwa ikaisha, ila kitabu kikishatoka humwita mwandishi akaandike cha pili.

Kijana wangu nilimwambia asiiandike kwa Kizungu kwa sababu ya woga. Kama hadithi yake ilimjia kwa Kiswahili, aiache ilivyo, aisahihishe, aipeleke kwenye tuzo, na ikikataliwa aipeleke tena. Bahasha nimebaki nayo mimi. Nimesoma sura tatu, na usiku wa leo naingia ya nne.