Alizeti mwitu

Alizeti mwitu (Tithonia diversifolia) ni kichaka cha jamii ya Asteraceae chenye maua ya manjano, kilichotoka Meksiko na Amerika ya Kati. Hukua hadi mita 2 au 3, na katika Afrika Mashariki na Kivu huonekana kando ya barabara na kwenye nyua za mashamba.

Faida yake kubwa ni mbolea. Majani mabichi huoza upesi, nayo yakikaushwa huwa na takriban asilimia 3.5 ya naitrojeni na asilimia 4 ya potasiamu. Utafiti wa miaka ya 1990 magharibi mwa Kenya ulithibitisha kwamba majani hayo huongeza mavuno ya mahindi.

Katika mji wa Goma, huko Kivu, mmea huu una maana ya pekee. Lava ya volkano ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilifunika sehemu kubwa ya katikati ya mji, na juu ya mwamba mweusi mkulima hana budi kuujenga udongo mwenyewe. Majani na vikonyo laini hukatwakatwa, hufukiwa wiki moja au mbili kabla ya kupanda lengalenga au kabichi, au hulowekwa majini hadi yaoze, kisha maji hayo huzimuliwa na kumwagiliwa shinani.

Hupandwa kwa vipandikizi vya shina. Mmea huu usipopogolewa mara kwa mara huvamia shamba. Watu hunywa pia maji ya majani yake machungu kutibu malaria. Dawa hiyo haifai kuzoelewa, kwani majaribio kwa wanyama yameonyesha madhara kwenye ini na figo.