Uzee, kazi na lokole: nadharia za kuzeeka zikitazamwa kutoka Yanonge

Wakati tulipokuwa tunasomea ualimu, kozi ya saikolojia ilianza na mtoto mchanga ikaishia kwa kijana wa miaka 18. Piaget tulimjua vizuri, hata usiku wa mitihani tulimwota. Kuhusu mtu wa miaka 70 hakuna aliyesema kitu, na sisi hatukuuliza. Ilionekana kama vile mtu akipata kazi na bibi, saikolojia imemalizana naye. Ndiyo maana siku uzee ulipoingia kwenye lupango yetu, tulikuwa na diploma mkononi lakini hatukujua la kufanya. Tutalieleza jambo hilo mbele kidogo. Kwanza turudi nyuma, sababu haya maneno ya uzee yana historia, huko Ulaya na Marekani, na huku kwetu pia.

Yanonge iko ukingo wa kushoto wa mto Kongo, kilometa kama 60 chini ya Kisangani. Walokele ni watu wa maji: mtumbwi, wavu, soko la samaki. Wambole na Watopoke ni watu wa pori na shamba. Kwa muda mrefu samaki na muhogo vilikutana sokoni, na watu pia wakaoana. Katika jamii hizi kuzeeka hakukuwa kushuka. Wambole walikuwa na lilwa, chama cha kuwaingiza vijana katika utu uzima, chenye ngazi zake, na wale wa ngazi ya juu waliitwa isoya. Mtu hakufika pale kwa nguvu ya mikono. Alifika kwa miaka, kwa ukoo na kwa kujua sheria. Walokele nao walikuwa na libeli yao porini. Mwaka 1910 wamisionari Wabatisti wa Yakusu walishtuka kuona vijana wao wa shule wakienda libeli, sababu walielewa vizuri kwamba kule porini mwalimu alikuwa mzee, na mwalimu yule hakushika kitabu. Serikali ya wakoloni nayo ikapiga vita lilwa. Hatusemi kwamba kila kitu cha lilwa kilikuwa kizuri. Adhabu zake zilikuwa kali, hata za kunyonga mtu, na zile sanamu za Wambole zinazokaa leo katika majumba ya Ulaya zinaonyesha watu walionyongwa. Tunasema paka hivi: ngazi ilipovunjwa, wazee walibaki chini na hakuna mtu aliyewajengea ngazi ingine.

Kisha ikaja kazi ya mshahara. Ng'ambo ya mto, Yangambi, INEAC ilianzishwa mwaka 1933, na wengi wa upande huu walivuka kwenda kufanya kazi kwenye mashamba ya mafunzo ya michikichi, mipira na kahawa. Huko ndiko watu wetu walijua jambo jipya: siku ambayo karatasi inakuambia kwamba wewe ni mzee. Jana ulikuwa kapita, leo wewe ni "pansionné". INSS iliundwa mwaka 1961, na leo inaitwa CNSS. Lakini mvuvi na mama wa shamba hawakuandikwa mahali popote, na hata yule aliyeandikwa anajua safari za kufuata pansio yake zinavyokula ile pansio yenyewe.

Sasa tuvuke bahari. Mwaka 1961 wataalamu wawili wa Marekani, Elaine Cumming na William Henry, walitoa kitabu juu ya wazee wa mji wa Kansas City. Walisema kwamba kuzeeka ni kujitenga polepole: mzee anaacha jamii, jamii inamwachia mzee, na pande zote mbili zinaridhika, sababu hivyo kifo kikija hakivurugi mambo. Mwenzao Robert Havighurst alifanya kazi katika uchunguzi ule ule wa Kansas City, akaona kinyume chake: mzee anayebaki na shughuli na watu ndiye mwenye raha, na akipoteza kazi moja lazima apate ingine mahali pake. Mji mmoja, uchunguzi mmoja, nadharia mbili zinazopigana! Wanafunzi wetu wanaofikiri kwamba sayansi ni jibu moja la ubaoni wangefaidika kujua hilo.

Katika mwaka 1972 Donald Cowgill na Lowell Holmes walisema kwamba kadiri nchi inavyofuata maisha ya kisasa, ndivyo heshima ya mzee inavyopungua: shule inamnyang'anya elimu, mshahara unamnyang'anya kijana, mji unamnyang'anya jamaa. Wengine walipinga, wakasema historia si mstari ulionyooka. Sisi wa Yanonge tuko katikati. Shule ilifanya kazi yake, ndiyo, na sisi walimu tuko ndani ya ile hesabu. Lakini wakati wa vita, mwaka 1998 na kuendelea, mto ulipofungwa kati ya Kinshasa na Kisangani, na chumvi ikawa shida, kisasa chenyewe kilikimbia. Nani alijua kupata chumvi katika majivu ya majani? Nani alijua mtego ambao hauhitaji nailoni ya dukani? Kwa miaka michache wazee walipanda bei tena, kisha bidhaa zikarudi na bei yao ikashuka.

Nadharia ambayo sisi tunaipenda ni ya Robert Atchley, aliyefuatilia wastaafu kwa miaka mingi kule Ohio na kuiandika wazi mwaka 1989. Anasema mtu akizeeka hajitengi wala hatafuti shughuli yoyote ile. Anashikilia uzi wa maisha yake. Aliyekuwa mvuvi anataka kubaki mvuvi kwa namna fulani, hata kama mtumbwi umemshinda.

Hapo ndipo tunafika kwa ergoterapia. Kwetu watu wanajua kinesi, yule anayenyoosha viungo, lakini ergoterapeuti ni jina geni. Ni yule anayemtibu mtu kwa njia ya kazi na shughuli za maisha: kuvaa, kupika, kufuma, kulima, kuongea na wenzake. Chama cha kwanza cha kazi hiyo kilianzishwa mwaka 1917 huko Clifton Springs, katika jimbo la New York. Mmoja wa waanzilishi, George Barton, alikuwa fundi wa kuchora manyumba aliyepooza upande wa kushoto, akajisaidia mwenyewe kwa useremala na kazi ya bustani. Mwaka 1922 daktari Adolf Meyer, mzaliwa wa Uswisi, akaandika falsafa yake: mwanadamu anashika usawa wake kwa kazi, mchezo, mapumziko na usingizi, na mgonjwa anaponyoka pale majira hayo yanapovurugika. Bibi zetu wangemwambia Meyer karibu, keti, hayo tunayajua.

Lakini angalia kitu hiki, ni cha maana. Mwaka 1997 huko Los Angeles walitoa matokeo ya uchunguzi wa wazee 361 wenye miaka 60 na zaidi. Waliwagawa katika makundi matatu kwa miezi 9. Kundi moja lilifuatwa na maergoterapeuti, waliotafuta pamoja na kila mzee shughuli zenye maana kwake. Kundi la pili lilipewa michezo na mikutano ya kawaida ya kupitisha wakati. La tatu halikupewa kitu. Kundi la kwanza lilipata faida katika afya na katika furaha. Na la pili? Halikuwa tofauti na lile ambalo halikupewa kitu! Kwa hiyo kumpa mzee shughuli tu, ili asikae bure, haitoshi. Inatakiwa iwe shughuli yake.

Sasa turudi kwenye lupango yetu. Mzee wa ukoo wetu, tutamwita Koko kama kila mtu alivyomwita, alikuwa mfumaji wa nyavu na mpigaji wa lokole. Miaka yake ilikuwa imepita 70 wakati damu ilipompanda usiku mmoja, asubuhi mkono wa kuume na mguu wa kuume vilikuwa vimelala. Tulimpeleka mjini kwa mtumbwi wa mota. Alipewa mpira wa sponji wa kufinya, mara 50 asubuhi na mara 50 jioni. Aliufinya siku tatu. Siku ya nne aliutupa kwa mbuzi. "Mimi mutoto?" ndiyo neno alilosema.

Kosa la pili lilikuwa letu sisi wenyewe, na tunalikubali. Tuliambia watu wa nyumba: "Muache koko apumuzike, alitumika mingi, asiguse kitu." Tuliona tunamheshimu. Kumbe tulikuwa tunafuata Cumming na Henry bila kuwasoma. Aliwekwa kwenye kiti nyuma ya jikoni, akakaa pale miezi, akitazama chini, bila kusema. Na mzee anayekaa kimya nyuma ya jikoni, msomaji anajua mwenyewe hadithi yake inakoelekea katika nchi yetu. Mtoto mmoja wa jirani akashikwa na homa, watu wakaanza kuulizana kwa sauti ndogo: huyu mzee anawaza nini mchana kutwa? Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 49, inampa mtu wa umri mkubwa haki ya ulinzi wa pekee. Lakini katiba haikai nyuma ya jikoni.

Aliyebadilisha mambo ni mjukuu wa miaka 14, tena kwa uvivu wake. Wavu ulipasuka, hakutaka kuutengeneza, akautupa kwenye miguu ya Koko. Koko akachukua sindano ya kufumia kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kuume, ambao ulikataa mpira, ukakubali kubana kile kibao cha kupimia matundu, sababu bila kibao matundu hayalingani na samaki anapita. Kazi ilikuwa mbaya na ilikawia, lakini siku ya pili aliomba ingine. Baada ya wiki kadhaa vidole viwili vilikuwa vinashika. Hatusemi alipona. Tunasema mkono ulipata sababu.

Lokole ilikuwa ngumu zaidi. John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938 na kuandika kitabu cha mwaka 1949 juu ya ngoma zinazosema, alieleza vizuri ufundi wake. Lokole ina sauti mbili, ya juu na ya chini, zinazofuata sauti za kilokele chenyewe. Lakini maneno mengi yanafanana kwa sauti: songe, yaani mwezi, na koko, yaani kuku, kwenye ngoma ni kitu kimoja. (Ndiyo, koko ya kilokele ni kuku. Mzee wetu alicheka juu ya hilo.) Kwa hiyo mpigaji haongei neno tupu, anaongeza sentensi nzima ya kulitambulisha. Kila mtu pia ana jina lake la ngoma, refu, lenye jina la baba ndani yake. Tangu zamani Carrington alilalamika kwamba vijana wa shule hawajifunzi tena mambo hayo.

Koko sasa alikuwa na mkono mmoja. Kufupisha sentensi hakuwezekani: ukiifupisha, mwezi unakuwa kuku. Akafanya nini? Kwanza alichagua: akaacha habari za kawaida, akabakiza wito wa mkutano na tangazo la kifo. Pili, alirudilia hizo kila jioni kwa kijiti kwenye mguu wa kiti. Tatu, akamweka mjukuu upande wa pili wa lokole, ampigie sauti ya chini kila anapotikisa kichwa. Miaka mingi baadaye tulisoma Paul na Margret Baltes, wataalamu wa Berlin, waliotoa mwaka 1990 nadharia ya kuzeeka vizuri kwa kuchagua, kuboresha na kufidia. Mfano wao mashuhuri ni Arthur Rubinstein, mpigaji wa piano, aliyeeleza akiwa na miaka 80 kwamba anapiga nyimbo chache zaidi, anazifanyia mazoezi zaidi, na anapunguza mwendo kabla ya sehemu ya haraka ili ionekane ya haraka. Tulisoma tukawaza: huyu tunamjua, alikuwa anakaa nyuma ya jikoni.

Jambo moja tu liongezwe. Jioni zile za kijiti Koko alianza kusimulia: vita vya 1964, wakati Wasimba walikuwa Stanleyville, nani alijificha kisiwani, nani hakurudi. Tulifikiri akili inaondoka, sababu alirudia habari moja mara nne. Madaktari wa zamani pia walifikiri hivyo, mpaka mwaka 1963 Robert Butler alipoandika kwamba mzee anapokumbuka anapanga maisha yake, kazi ile ile Erik Erikson aliyoiweka katika hatua ya nane na ya mwisho ya mtu. Tulileta daftari. Tulijaza mawili.

Koko aliishi miaka mitatu tena. Siku ya kufa kwake mjukuu alipiga lokole peke yake, mikono miwili, na kijiji kizima kikasimama kusikiliza. Mama mmoja mzee sana, dada ya marehemu, aliinua kichwa katikati ya machozi, akapigia makofi ya kumnyamazisha. "Anzia tena," akasema. "Uliacha jina ya baba yake."

Akaanzia tena.